Kiraka cha Bendera ya Wajerumani

Mwezi uliopita, nyumbani kwa Wanjiru kule Ruiru, nilimsikiliza akimsema vibaya mwanamke asiye na hatia mbele ya watu kumi na mmoja, na mimi nikajiongezea pilau. Tulikuwa tumekutana sisi tuliowahi kufanya kazi katika hoteli moja Doha, Watanzania kwa Wakenya na Waganda wawili, wengine sijawaona tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mikutano ya namna hiyo ina hadithi zake, na kila hadithi ina mwenyewe. Kuna ya mpishi aliyejifungia kwenye chumba cha barafu, kuna ya mlinzi aliyempigia saluti dereva akidhani ni sheikh, na kuna ya Wanjiru, ambayo huja mwisho kwa sababu hakuna anayetaka kuzungumza baada yake. Wanjiru anajua kuisimulia. Anasimama, anajishika kiuno, anatembea kama alivyotembea yule bibi wa Kijerumani, anafungua sanduku la hewani. "Kumbe iko kwa suitcase yake mwenyewe!" akasema. "Mimi nishaitwa mwizi, locker yangu imefunguliwa mbele ya watu, niko karibu kurudishwa nyumbani kama mzigo, na kitambaa yake iko hapo kwa suitcase, imelala!" Watu wakacheka, wakatikisa vichwa, mmoja akasema wazungu ni wale wale. Nami nikacheka. Hadithi ni nzuri, ina kosa moja tu: haikuwa hivyo. Najua haikuwa hivyo kwa sababu aliyeharibu mambo ni mimi, na kwa karibu miaka ishirini nimekula kwa Wanjiru, nimelala kwa Wanjiru, na nimemwacha aamini hivyo.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka thelathini na moja na sikuwa na utulivu hata chembe. Nilikuwa mtu wa kuinuka kabla chai haijaisha. Tuliishi wanawake wanne Al Mansoura, chumba kimoja cha vitanda vya kupandana, juu ya duka la kutengeneza simu, na dirisha letu lilitazamana na migongo ya viyoyozi vya jengo la pili, hivyo saa zote tulisikia mngurumo ule ule na maji yakidondoka juu ya bati. Wawili walikuwa Wafilipino ambao zamu zao hazikukutana na zetu. Wa tatu alikuwa Wanjiru, mtu wa Nakuru, mhudumu wa vyumba vya ghorofa ya kumi na mbili. Kitanda chake kilikuwa chini, changu juu. Yeye alikuwa na kipaji nilichokosa, cha kukaa mahali alipo. Alikuwa akikaanga vitunguu viwili na nyanya kwenye jiko la umeme tulilokuwa tukilificha siku za ukaguzi, akasonga ugali, akafungua kijiredio chake kutafuta matangazo ya mpira, akawa ameshafika nyumbani. Mimi nilikula nimesimama, macho mlangoni, nikiwaza kitu ambacho bado sijakipata. "Mwanaidi, kaa chini," alikuwa akiniambia. "Hiyo ugali haikimbii." Alipenda mpira kuliko wengine wanavyopenda ndugu zao. Hakuwa na timu moja. Alimpenda yeyote anayeelekea kufungwa. Alijaribu kunifundisha maana ya kuotea kwa kupanga vikombe vya chai juu ya godoro, sikuelewa, akavipanga tena.

Kilichoninyima raha ni cherehani. Niliajiriwa kukunja taulo na kupanga foronya katika chumba cha mashuka, chini kabisa ya hoteli, huko West Bay, ambako wakati ule nusu ya minara ilikuwa bado mifupa na kreni. Lakini mimi ni fundi wa kushona. Mwisho wa chumba kile, nyuma ya kioo, zilikuwepo cherehani tatu na bwana mmoja wa Kerala aitwaye Yusufu, ambaye hoteli nzima ilimwita Mastaa. Mbili alizitumia yeye, ya tatu haikuwa na mtu. Nilimsumbua Mastaa tangu Ramadhani hadi akachoka, akanipa majaribio: nishone nguo za wageni na sare za wafanyakazi hadi mwisho wa Februari, na akiridhika atapeleka jina langu kwa meneja; asiporidhika, nirudi kwenye taulo zangu. Sheria yake ilikuwa moja. Ukarabati usionekane. "Mgeni akiona sindano ilipopita, hujashona, umeandika jina lako," alikuwa akisema kwa Kiingereza chake cha haraka. Alikuwa akichukua suruali niliyomaliza, anaipeleka chini ya taa, anaipapasa kwa kidole gumba macho yamefumbwa, na akipagundua niliposhona, anafumua mbele yangu. Kiraka kwake kilikuwa tusi. Nilimwogopa, na nilikitaka kile kiti cha tatu kwa namna ambayo leo, nikiwa na duka langu Tanga na viti ninavyovichagua mwenyewe, siwezi kumweleza mtu akaelewa.

Januari wakaja Wajerumani. Klabu yao ya mpira ilikuwa ya daraja la pili, ya mji wa machimbo ya makaa ya mawe ambao jina lake sijawahi kulitamka sawasawa hadi leo, na ilikuwa imekimbia theluji ya kwao kuja kufanya mazoezi kwetu kwa wiki mbili. Wachezaji hatukuwaona, walilala ghorofa ya tisa na walilishwa kama wagonjwa. Tuliowaona ni mashabiki, watu kama thelathini, waliodunduliza mwaka mzima ili waje kusimama nyuma ya uzio na kutazama watu wakikimbia kati ya koni. Wengi walikuwa wachimbaji wastaafu wenye nyonga mbovu, na wake zao, na vijana wachache wenye ngoma ambayo hoteli iliikataa, wakawa wanapiga ndoo ya plastiki. Sisi tulikuwa tumevaa sweta, wao kaptula, lakini shingoni kila mmoja ana skafu ya sufu, nyekundu na kijivu. Kwenye lifti ya wafanyakazi tulisikia habari zao kabla hatujawaona: wanakula sana mayai, wanapanga viatu mlangoni, wanaimba bafuni. Walipangwa ghorofa ya Wanjiru, na siku ya pili alirudi chumbani na skafu shingoni. "Nimepewa na Mama Helga," alisema. "Huyo mama anajua mpira, Mwana. Ameniuliza mimi ni winga ama beki. Mimi! Nikamwambia mimi ni kitanda na choo." Alicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, alinivuta hadi uwanja wa mazoezi. Mashabiki walikuwa wametundika kwenye uzio bendera yao kubwa, ya nguo nyekundu, ndefu kama mita tisa, yenye maandishi ya kijivu, na wao wamesimama nyuma yake kwa mstari ambao niliuona haujapangika vizuri, kwani katikati paliachwa nafasi ya mtu mmoja. Mimi sipendi kusimama nyuma. Nikaenda nikasimama pale. Wimbo haukukatika, lakini nyuso zilibadilika, na mzee mmoja mwenye masharubu akanishika kiwiko kwa adabu sana, akanisogeza hatua moja kando, akarudi kwenye nafasi yake. Pengo likabaki pengo. "Kwani umekanyaga nini, kaburi?" Wanjiru akaninong'oneza, huku akijizuia kucheka. Alasiri upepo wa vumbi ukavuma kutoka jangwani, vijana wakachelewa kuifungua bendera, na kona yake moja ikararuka.

Jumanne Mama Helga alishuka mwenyewe hadi chumba cha mashuka, jambo ambalo wageni hawaruhusiwi, akiongozwa na Wanjiru aliyebeba bendera kwenye mfuko wa dobi. Alikuwa amepita miaka sabini, mfupi, na sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja sokoni. Mastaa alimpa kiti na kikombe cha karaki, ile chai nzito ya maziwa ya Doha, na bibi akainywa yote akaomba nyingine. Akatuambia bendera ile inakotundikwa kwao. Hakuridhika na maneno. Alichukua chaki yangu akachora uwanja wao juu ya meza ya kukatia nguo. Hapa reli. Hapa shimo la machimbo lililofungwa, na gurudumu lake bado lipo juu. Hapa uwanja, katikati ya nyumba za watu, hata anayeanika nguo barazani anaona kona ya goli. Na hapa, upande wa mashariki, jukwaa lao, ambalo halina viti. "Kwetu hatukai," alisema. "Anayekaa ni mgeni." Kuna vyuma vya kuegemea, vimepakwa rangi mara nyingi hadi vimekuwa vinono, na kila mtu ana mahali pake ambapo hapakuandikwa popote. Mume wake alisimama kwenye chuma cha tatu kutoka ngazini tangu alipokuwa kijana. Alipokufa, hakuna aliyesogea. Mvua inyeshe, uwanja ujae, pale hapasimami mtu, na wakisafiri wanasafiri na pengo lake. Sasa wakubwa wa klabu walikuwa wakizungumzia kulibomoa jukwaa na kuweka viti vya plastiki, na aliyataja hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anavyotaja ugonjwa wa ndugu. Masikio yaliniwaka moto kwa aibu ya Ijumaa. Lakini kuhusu ile kona iliyoraruka hakusema kitu zaidi ya tafadhali, na Wanjiru akamrudisha juu.

Nilibaki peke yangu, Mastaa amekwenda kuswali adhuhuri. Sikuikunjua bendera yote. Nilivuta kona tu. Mpasuko ulianzia pindoni ukapita katikati ya kiraka. Na kiraka chenyewe! Kitambaa kigumu cha buluu kilichochakaa hadi kikawa kijivu, kina doa la mafuta, kimeshonwa upande wa nyuma kwa uzi mweusi juu ya nguo nyekundu, na mishono mikubwa kama punje za mahindi. Nilicheka kwa sauti. Nikasema haya ndiyo mambo ya kumwonyesha Mastaa. Nikakifumua chote, nikatafuta kwenye akiba nguo nyekundu iliyofanana, nikachomoa nyuzi kutoka ndani ya pindo la bendera yenyewe ili rangi isitofautiane, nikashona taratibu kwa mkono, nikapiga pasi. Mastaa aliporudi akaipapasa kona kwa kidole gumba, akafumba macho, akarudia. Hakupagundua. "Shabashi," alisema, na hilo neno sikuwa nimewahi kulisikia kutoka kwake. Kile kiraka cha zamani nilikuwa nimekitupa kwenye gunia la matambara, na gunia, kama kila alasiri, lilichukuliwa na wasugua sakafu. Wanjiru akaja akabeba bendera kwenye mfuko wake, akaipeleka juu na kuilaza kitandani kwa bibi. Siku ile nilikula nimekaa.

Mama Helga alirudi kesho yake asubuhi. Aliitandaza bendera mezani, akapitisha mkono juu ya mshono wangu. "Umeshona vizuri sana," alisema, na haikuwa sifa. "Kipande kiko wapi?" Akatueleza, mimi na Mastaa, polepole, akitafuta maneno ya Kiingereza. Ilikuwa sehemu ya mkono wa koti la mumewe la machimboni, lile alilovaa siku ya mwisho ya kazi. Alikishona mwenyewe kwenye meza ya jikoni, na yeye si fundi. Akaigeuza bendera, na hapo ndipo nikaona nisivyoviona jana: upande wa nyuma vilikuwepo vipande vingine sita, kimoja cha tai, kimoja cha aproni, kimoja cha soksi ya mtoto, kila kimoja cha mtu aliyewahi kusimama katika jukwaa lile. Mastaa aliinua macho akanitazama. Februari ilikuwa bado haijaanza. "Nilikitia kwenye mfuko pamoja na bendera," nikasema. Sentensi moja. Naapa sikumfikiria aliyebeba mfuko. Lakini nilimfikiria kabla mate hayajanikauka mdomoni, na sikulirudisha neno.

Bibi alimuuliza Wanjiru kwa upole tu, kwamba je, huenda kitu kilidondoka njiani. Hotelini, hata hivyo, hakuna linaloulizwa kwa upole. Msimamizi wa ghorofa alisikia, akamwambia meneja wa vyumba, na kabla ya chakula cha mchana kabati la Wanjiru lilikuwa limefunguliwa mbele ya walinzi wawili. Kiraka hakikuwemo. Ilikuwemo skafu. Kwetu ilikuwa sheria kwamba zawadi yoyote ya mgeni lazima iandikiwe karatasi, mgeni aweke saini, ndipo itoke getini. Wanjiru hakuiomba karatasi kwa sababu aliitoa skafu ikiwa shingoni, na nani anaomba kibali cha kitu alichokivaa? Mama Helga alishuka akasema ni yeye aliyempa. Meneja akatabasamu, akamwambia wageni wetu wana huruma sana. Aliyechukua kimoja, akamwambia msimamizi, amechukua viwili. Wanjiru akasimamishwa. Jumapili asaini karatasi zake za kurudishwa Kenya, na pasipoti tayari ilikuwa mikononi mwao.

Ilikuwa Jumatano. Chumba kile ambacho sikuzote kilinukia vitunguu kilinuka sabuni tu. Wanjiru alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, redio imezimwa. Nikapika mimi, wali ukashika chini. "Mimi sikuona kitu kwa hiyo bag, Mwana," alisema. "Ama ilianguka kwa lift? Hebu nisaidie kukumbuka. Uliiweka juu ama chini?" Aliniomba nimsaidie kukumbuka! "Labda ilianguka," nikasema. Labda. Nilipanda kitandani, nikashuka, nikatoka nikazunguka mitaa ya Al Mansoura, kwa kinyozi, kwa muuza kadi za simu, nikarudi, nikamkuta amekaa vile vile. Alhamisi niliwafuata wasugua sakafu, nikafungua magunia sita ya matambara moja baada ya jingine huku kijana wa Kinepali akinitazama kama mwendawazimu. Matambara yakishapakwa dawa ya kung'arishia shaba, yote huwa rangi moja. Nikaenda kwa Mastaa kumwambia, akanikata. "Nilijua ulipofungua mdomo," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kifungo alichokuwa akikishona. "Ukisema, mtaondoka wawili. Ukinyamaza, mmoja. Hesabu si ngumu." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na mabinti wanne wa kusomesha, na aliishi miaka mingi mahali ambapo hesabu ndiyo huruma pekee unayoweza kumudu. Naona haya kusema jinsi hesabu ile ilivyonifaa, siku nzima.

Ijumaa nilikwenda uwanjani peke yangu. Walikuwepo kwenye uzio, na pengo lao, na bendera yenye kona yangu safi. Nilisimama mbali nikamwita Mama Helga kwa mkono. Nikasema yote kwa Kiingereza kisicho na jana wala kesho: mimi kata, mimi tupa, mimi sema uongo. "Kiko wapi sasa?" akauliza. Nikamwambia kimekwisha, kimetumika kusugua sakafu. Aligeuka akawatazama wachezaji wakikimbia kati ya koni. Kisha akauliza meneja akiambiwa itakuwaje kwangu, nikamwambia. Asipoambiwa itakuwaje kwa Wanjiru, nikamwambia pia. "Mimi nina miaka sabini na minne," alisema mwishoni. "Naweza kusahau kitu kwenye sanduku langu. Hakuna atakayeshangaa." Nilianza kulia, nikataka kuubusu mkono wake, akauondoa. Hakuwa amenisamehe, na sikuwahi kuambiwa kwamba amenisamehe. "Meneja ni kazi yangu," alisema. "Rafiki yako utamwambia wewe. Leo." Nikamjibu, "Leo."

Jumamosi alifanya kama alivyosema, tena mapokezini, kwa sauti ya sokoni, ili kila mtu asikie: kipande kimepatikana, kilikuwa ndani ya sanduku lake, yeye ni mzee, kichwa kimechoka. Akasaini karatasi ya skafu. Wanjiru akapewa onyo na kurudishwa kazini. Na mimi? Ile "leo" niliifikisha hadi mlangoni mwa chumba chetu ikanifia mkononi, kwa kuwa Wafilipino walikuwepo. Kesho yake, hadithi ya sanduku ilikuwa imeshashuka ngazi za wafanyakazi kabla yangu. Nilimkuta Wanjiru anacheka na kulia kwa pamoja, anakaanga, anamlaani bibi. "Ati kwa suitcase yake! Angenimaliza, Mwana! Mtu nimemtandikia kitanda kama mama yangu!" Nilifungua mdomo, akanipakulia ugali. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Wanaosema hivyo hawajawahi kupewa uongo na mtu mwingine, ukiwa tayari umepikwa.

Siku Wajerumani walipoondoka, masanduku yamejaa ukumbini ghorofa ya kumi na mbili, Wanjiru alikwenda mlangoni kwa Mama Helga na skafu imekunjwa vizuri. Mimi nilikuwa nyuma yake na toroli la mashuka. "Madam, chukua nguo yako," alimwambia. "Kwetu, mtu hutafuta kwanza nyumbani kwake kabla hajapiga kelele ya mwizi. Hata watoto wanajua." Alisema kwa heshima, jambo lililofanya iwe mbaya zaidi. Bibi aliipokea skafu. Kisha akanitazama, juu ya bega la Wanjiru, akangoja. Lifti ilikuja, mlango ukafunguka, ukafungwa bila mtu kuingia. Mimi nikapanga taulo ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Una haki," Mama Helga akamwambia Wanjiru. "Naomba radhi." Akafunga mlango polepole.

Mwisho wa Februari Mastaa alipeleka jina langu, nikapata kiti cha tatu. Nilishona pale miaka minne, na cherehani ile ndiyo iliyoninunulia duka, siwezi kukana. Wanjiru aliwapa Wafilipino redio yake. Ijumaa akawa analala. Nilipomuuliza kwa nini hatafuti tena matangazo, alisema mpira ni wa watu walioshiba, na akabadili mazungumzo. Mwaka ule uliisha nikiwa nimekaa mahali nilipopataka, na mguu wangu chini ya meza haukutulia hata pale ambapo hapakuwa na kazi. Miaka baadaye, simu zilipoanza kuonyesha kila kitu, niliutafuta uwanja ule wa Wajerumani kwa rangi zake na reli yake. Jukwaa la mashariki halipo. Kuna viti vyekundu, safi, mstari kwa mstari, vimepangika vizuri mno, na nilikuza picha hadi ikawa ukungu nikitafuta mahali ambapo chuma cha tatu kingekuwa.

Jioni ile ya pilau, wageni wakiwa bado sebuleni, niliosha vyombo na binti ya Wanjiru, Njeri, wa miaka kumi na sita. Aliniambia anacheza winga timu ya shule. Nikamuuliza mama yake anasemaje akimwona uwanjani. "Hajawahi kuja, auntie," alisema. "Hata mara moja. Anasema mpira ilimletea shida huko Doha." Hakulalamika, aliisema kama mtu anavyosema mama hali samaki. Kisha akasuuza sahani na kuniuliza kama Tanga kuna timu za wasichana.

Asubuhi nilimkuta Wanjiru jikoni anakaanga mandazi. Nilimwambia nikiwa nimesimama mlangoni, kwa kuwa najijua, ningekaa ningekunywa chai kwanza. "Kile kitambaa nilikikata mimi," nikasema. "Nikakitupa, nikasema nimekitia kwenye mfuko. Mama Helga hakukisahau popote. Nilimwambia ukweli, akajisingizia ili wewe usirudishwe." Wanjiru alizima jiko. Mafuta yakaendelea kuchemka peke yake kwa muda. Alinishika kwa maswali, moja moja, bila kupandisha sauti.

"Ile siku ya skafu. Ulikuwa nyuma yangu."

"Nilikuwepo."

"Ukaniskia nikimwambia hayo maneno."

"Nilisikia."

"Na yeye anajua. Anakuangalia. Na anasema sorry, kwangu."

"Ndiyo."

Alikwenda mlangoni akarudi. Akafungua bomba, akalifunga. Akashika mwiko, akauweka. Nikamwomba msamaha, akaninyamazisha kwa kiganja, akauliza kama yule mama yuko hai, nikasema sijui, sikuwahi kuandika, kwa umri wake sidhani. Hapo ndipo alipofunika uso kwa leso ya jikoni, na nilipomsogelea akanirudisha nyuma kwa kiwiko. Alipojifuta, aliuliza ni wangapi wa jana waliolala pale. Watano, nikamwambia. Akaita kwa sauti hadi vyumbani, akamwita na Njeri. "Kujeni wote! Ile story yangu ya Doha nimekuwa nikiisema vibaya. Mwenyewe yuko hapa." Kisha akanigeukia. "Enda usimame pale nilikuwa nimesimama jana. Jina langu usianze nalo. Anza na lako. Na ukifika pale kwa mlango wake, usiruke."

Wakatoka mmoja mmoja, mashuka mabegani, vikombe mikononi, wakaketi pale walipokuwa wameketi jana. Njeri akakaa sakafuni, jezi yake tayari mwilini. Nikaenda nikasimama. Walikuwa wakitabasamu wote, wakingoja kucheka.